Fumbo Hufumbuliwa, Tatizo Hutatuliwa: Je, Hali?

Mjini kwetu Juba watu wana neno wanalolisema asubuhi, mchana na jioni: "Mafi mushkila", yaani hakuna tatizo. Gari likiharibika njiani, mafi mushkila. Fedha ikipungua thamani, mafi mushkila. Mtu akikukanyaga mguu katika soko la Konyo Konyo, kisha akakuomba radhi, utamjibu vivyo hivyo. Ni neno zuri la kupozana mioyo, wala sina nia ya kulidharau. Lakini nimelifikiri sana tangu likizo yangu ya mwisho wa mwaka 2024, nikaona kwamba sisi watu wa mji ule, na pengine watu wa kila mji, twatumia neno moja kwa mambo ya namna tatu ambayo hayafanani. Kwa kuyachanganya twajipatia hasara, na mara nyingine twamwaga damu. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili niwaeleze wenzangu, na ndugu zetu waliomaliza masomo zamani, ambao wana maarifa kuliko mimi, wanisahihishe nikikosea.

Kwetu ni mtaa wa Hai Cinema. Wenzangu wa bwenini hunitania kwa kuniuliza kama sinema hiyo i hai bado au imekwisha kufa. Huwajibu kwamba kwa Kiarabu cha kwetu "hai" ni mtaa. Na "hai" ya Kiswahili, yaani yenye uzima, nayo imetoka katika Kiarabu hicho hicho. Basi mtaa na uzima ni ndugu wa shina moja. Nilikuwa nikilisema hilo kwa mzaha. Siku hizi sioni kwamba ni mzaha tena, na nitasema kwa nini.

Nyumba nyingi za Juba hazina mfereji. Mto Nile unapita kando ya mji, mpana na mwingi wa maji, lakini maji yake hutufikia kwa malori ya tanki yanayoyachota na kuyauza mlangoni kwa pipa la lita 200. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kwamba kipindupindu kimeingia nchini. Kilianzia Renk, upande wa kaskazini, ambako watu wengi sana walikuwa wakipita kwa kukimbia vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023. Baadaye kikafika Juba. Kabla ya mwaka 2025 kwisha kilikuwa kimeua watu zaidi ya 1,000 katika nchi nzima.

Siku moja mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka minne, alianza kuhara na kutapika. Watu wakakusanyika chini ya mti, pale mama mmoja anapouza chai, na kila mtu akatoa maneno yake.

Mzee mmoja akasema, "Hii ndiyo hali ya Juba. Mvua hunyesha, mto hujaa, watu huharisha. Tangu utoto wangu ni hivi. Mungu akipenda, mtoto atapona." Akaendelea kunywa chai yake.

Kijana mmoja akasema, "Si bure. Yuko mtu. Mbona ugonjwa umeingia tangu lori la yule dereva mgeni lianze kupita hapa? Ametia kitu katika maji. Tumngoje akija."

Na mimi je? Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimesoma habari za Daktari John Snow. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu katika mtaa mmoja wa London, alitafuta kila nyumba iliyopata msiba, akaziweka katika ramani, akaona kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya bomba moja katika Broad Street. Mpini wa bomba lile ukaondolewa. Basi nikachukua daftari na kalamu, nikaenda nyumba hata nyumba nikiuliza nani amenunua maji kwa lori gani. Nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote waliokuwa chini ya mti ule.

Katika mtaa wetu yuko mama mmoja, mkunga mstaafu. Nilipofika kwake na daftari langu alikuwa tayari amechemsha maji na kuyapoza. Akapima lita moja, akatia sukari vijiko sita vidogo vya kusawazishwa, na chumvi nusu kijiko. Akaitazama ramani yangu, akasema, "Mwanangu, kazi yako nzuri. Lakini mtoto anakauka." Akanipa birika nilichukue. Tukamnywesha mtoto kidogo kidogo, kisha baba mdogo akatafuta gari, akapelekwa katika kituo cha matibabu. Mtoto alipona.

Jioni ile lile lori likaja. Vijana wakamshusha dereva, wakampasua shati, na mmoja akampiga ngumi. Baba mdogo akaingia kati akamwuliza, "Bwana, wewe na watoto wako mnakunywa maji gani?" Akajibu, "Haya haya, mzee. Nina mengine wapi?" Akachota kutoka tanki lake akanywa mbele yetu. Watu wakatawanyika mmoja mmoja bila kutazamana usoni. Na ramani yangu haikuonyesha kitu, kwa sababu sote tulikuwa tumenunua kwa kila lori lililopita.

Nimelala usiku mwingi nikiyafikiri hayo. Sisi watatu, mzee, kijana na mimi, hatukuwa wapumbavu. Mzee aliona hali, kijana na mimi tuliona fumbo. Mkunga peke yake aliona tatizo, naye peke yake alikuwa na birika mkononi.

Sasa natazama lugha yenyewe, kwa maana mara nyingi waliotutangulia waliweka akili yao ndani ya maneno. Kufumba ni kufunga, kama mtu afumbavyo macho. Na fumbo ni jambo lililofungwa, nalo hufumbuliwa. Likifumbuliwa, limekwisha. Kutatiza ni kuzongazonga, kama uzi uliovurugika. Na tatizo hutatuliwa, uzi baada ya uzi, kwa vidole na uvumilivu. Lakini hali haifumbuliwi wala haitatuliwi. Neno tulilopewa kwa hali ni jingine: hali hujuliwa. Twasema, "Nimekwenda kumjulia hali." Twasalimiana, "U hali gani?" Hatungoji kwamba jibu la swali hilo litaiondoa hali yenyewe. Twauliza ili tujue, na ili mwenzetu ajue kwamba hayuko peke yake.

Basi niyaeleze moja moja.

Fumbo lina jibu moja, nalo lipo hata kama hatulijui. Tukicheza vitendawili, mmoja husema "Kitendawili!" na wenzake hujibu "Tega!" Akisema, "Nyumba yangu haina mlango," jibu ni yai, wala si kibuyu wala kaburi. Na anayetega analijua jibu tangu mwanzo. Fumbo lataka habari, au jicho kali, au subira. Hapa Afrika ya Mashariki tunao mfano mzuri wa mwanafunzi mwenzetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa shule ya Magamba katika Tanganyika, alipokuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, alitia maziwa ya moto katika friza bila kungoja yapoe, akaona yameganda kabla ya maziwa yaliyotiwa yakiwa baridi. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye hakucheka bali akajaribu. Mwaka 1969 waliandika habari hiyo pamoja, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu yake. Huo ndio mwenendo wa fumbo: ulizo, jaribio, na muda. Lakini tukumbuke kwamba Mpemba aliweza kungoja miaka sita. Mtoto wa jirani yetu hakuwa na saa sita.

Tatizo si hivyo. Katika tatizo pengine jibu linajulikana na kila mtu, na bado jambo halijakwisha, kwa kuwa lataka kazi, fedha, watu na mapatano. Tena laweza kuwa na majibu mengi, kila moja na gharama yake. Kwamba kipindupindu huja kwa maji machafu ni fumbo lililofumbuliwa zamani; Snow alionyesha njia mwaka 1854, na Robert Koch akamtambua mdudu mwenyewe katika miaka ya 1883 na 1884. Hapana haja ya mwanafunzi wa Hai Cinema kulifumbua mara ya pili. Kilichobaki ni mabomba, mitambo ya kusafisha maji, vyoo, dawa ya klorini pale malori yanapochota, na mfuniko juu ya pipa. Wajapani wametusaidia kupanua mtambo wa kusafisha maji ya Nile mjini Juba. Lakini mtambo bila mabomba ya kufika majumbani, na bila watu wa kuyatunza, ni nusu ya kazi. Hapo hapatakiwi mwerevu mmoja. Panatakiwa mafundi wengi, na wahasibu waaminifu.

Hali ni jambo tulimokaa ndani yake. Halina jibu nyuma ya kitabu, wala hakuna kazi moja ambayo ikimalizika tutasema limekwisha. Mto hujaa na kupwa. Watu wanakimbia vita ambavyo sisi hatukuvianzisha. Makabila mengi yamekutana katika mji mmoja kwa haraka, kila moja na msiba wake. Mtu akiuliza, "Jibu la Juba ni nini?" ameuliza kama mtu aulizaye jibu la mvua. Twaweza kuijua hali, kuivumilia, kuibadili pole pole, na kukata ndani yake vipande vinavyoweza kutatuliwa.

Nikiyaweka hivyo, kosa la kila mmoja wetu chini ya mti ule laonekana wazi.

Kosa la mzee ni kuliita tatizo hali. Hili ndilo kosa la watu waliochoka, nami simlaumu. Ameona vita zaidi ya kimoja. Lakini nawaonya wenzangu, neno hali hupendwa sana na mtu mwenye wajibu wa kutatua na asiyetaka kutatua. Mkubwa akiulizwa kwa nini hakuna maji, akajibu, "Mnajua hali ya nchi," amejificha nyuma ya neno. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tukikubali kuuita ufa hali ya nyumba, hatutauziba kamwe, na ukuta utatuangukia tukiwa tumeketi tukinywa chai.

Kwamba mambo yaliyoitwa hali yaweza kutatuliwa, nchi yetu yenyewe ni shahidi. Watu wa vijijini waliteswa miaka mingi na mnyoo wa Guinea, unaoingia kwa maji ya madimbwi na kutoka mguuni kwa maumivu makali baada ya mwaka mmoja hivi. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya wala chanjo. Nani asingesema kwamba ni hali? Lakini watu waligawiwa vitambaa vya kuchujia maji, wagonjwa wakazuiwa wasiingie madimbwini, na katika kila kijiji wakawekwa watu wa kuangalia na kutoa habari. Mwaka 1995, katikati ya vita vya Sudan, Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alizipatanisha pande mbili zisimamishe mapigano karibu miezi sita ili kazi ya kupambana na mnyoo huo ipate kufanyika. Vita havikwisha. Mwaka 2006 upande wa kusini peke yake ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 20,000. Mwaka 2023, katika Sudan Kusini iliyo huru, walikuwa wagonjwa 2. Mtu hakutegua kitendawili hapo. Ni kitambaa, na mkono wa kukishika, na mtu wa kurudi kijijini wiki ijayo kuuliza tena.

Mfano wa pili twauona kwa macho tukiwa Juba: daraja la Uhuru juu ya Nile. Lilianza kujengwa mwaka 2013. Vita vikalisimamisha Desemba mwaka ule ule, na tena Julai 2016. Likafunguliwa Mei 2022. Wajenzi hawakungoja hali ya nchi iishe ndipo wajenge. Kila ilipotulia kidogo walirudi na vyuma vyao.

Kosa la kijana ni baya zaidi. Yeye alichukua tatizo lililozungukwa na hali, akaligeuza kuwa kitendawili. Na tabia ya kitendawili, kama nilivyosema, ni kwamba yuko aliyekitega. Mtu akiisha kuamini kwamba mateso yake ni kitendawili, swali lake la kwanza ni, "Nani ametutega?" Hataki tena kujua maji yametoka wapi wala pipa lina mfuniko. Anataka jina, na jina rahisi kupatikana ni la mgeni.

Januari 2025 tuliona mwisho wa fikira hiyo. Habari zilikuja kwamba watu wetu wameuawa katika mji wa Wad Madani, nchini Sudan. Uchungu ulikuwa wa haki. Lakini katika mji wetu vijana waliyavamia maduka ya wafanya biashara wa Kisudani, wakayapora, na watu wakauawa, hata serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Wale wenye maduka hawakuwa Wad Madani. Wengi wao walikuwa wametuuzia sukari na sabuni miaka mingi, na baadhi yao walikuwa wamekimbia vita vile vile. Waliopora waliamini kwamba wamepata jibu. Katika mchezo wetu, anayeshindwa na kitendawili huambiwa, "Toa mji," naye hutoa mji wa maneno tu, watu wakacheka. Sisi Desemba 2013 na Julai 2016 tulikuwa tumekwisha kutoa mji wa kweli, nyumba na watu wake, kwa sababu kila upande ulijiona umelijua jibu la swali, "Nani ametutega?" Ningependa tusiutoe tena.

Kosa langu ndilo kosa la shule, nalo nataka mlifikirie sana, ninyi mnaosoma gazeti hili madarasani. Tumefundishwa mafumbo. Kila swali la hesabu lina jibu lake nyuma ya kitabu. Kila mtihani una karatasi ya majibu iliyofungiwa kabatini na mwalimu. Tukipata jibu, twapewa alama, twageuza ukurasa. Silaumu jambo hilo. Bila mazoezi hayo hatungeweza kusoma dawa wala uhandisi. Ila baada ya miaka kumi na zaidi ya mazoezi hayo mtu hudhani kwamba dunia nzima ni karatasi ya mtihani, na kwamba mwenye akili ndiye atakayeinua mkono kwanza. Mtoto alikuwa anakauka, nami nachora ramani. Niliogopa kazi ya birika na kijiko kwa kuwa haikuwa na alama.

Hao ndugu zetu wa zamani waliokwisha toka shuleni watatuambia kama nasema uongo. Nadhani wengi wao waligundua katika kazi ya kwanza kwamba jibu lilijulikana na kila mtu ofisini, hata mfagizi, na shida ilikuwa kupatana nani atafanya, kwa fedha gani, na nani atakubali kupoteza kitu.

Labda msomaji atanipinga akisema, "Jambo moja laweza kuwa yote matatu kwa wakati mmoja. Basi faida gani ya kuyatenga?" Ni kweli, nami nakubali. Kipindupindu cha Juba kilikuwa na fumbo ndani yake, na tatizo, na hali. Lakini mchele, pumba na mawe navyo hukaa pamoja katika ungo mmoja, wala hatusemi kwamba kwa hiyo tusipepete. Mama zetu hupepeta kwa sababu vimechanganyika.

Mfano mzuri wa kupepeta ni ule wa mwaka 1971. Wakati wa vita vya Bangladesh, watu wengi mno walikimbilia India, na kipindupindu kikaingia katika kambi ya Bangaon. Maji ya mishipa yakakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe, na ndugu zao wawanyweshe. Pale ambapo karibu watu 30 katika 100 walikuwa wakifa, walipotumia maji hayo hawakufika 4 katika 100. Hakuwa na uwezo juu ya vita, hiyo ilikuwa hali. Fumbo la chumvi na sukari lilikuwa limekwisha kufumbuliwa na wataalamu kabla yake. Yeye alilishika tatizo lililokuwa katikati, ambalo lilikuwa na ukubwa wa mkono wake. Mkunga wa Hai Cinema alifanya vivyo hivyo, miaka zaidi ya hamsini baadaye.

Kwa hiyo nimejiwekea maswali matatu, nami nawapa wenzangu wayajaribu. Jambo likinifikia, kwanza najiuliza: Je, nikipata habari moja ninayoikosa, jambo hili litakwisha? Kama ndiyo, ni fumbo. Nitafute, nisome, niulize, nisichekwe nikanyamaza. Pili: Je, iko kazi ambayo ikifanywa na watu jambo hili litapungua, hata kama sipati sifa? Kama ndiyo, ni tatizo. Niulize ni nani wa kufanya, na kama mimi ni mmoja wao. Tatu, kama mawili hayo yote ni hapana, basi ni hali. Hapo nisimtafute aliyetega, maana hakuna aliyetega. Niijue hali, kisha nirudi kuuliza swali la pili juu ya kipande chake kidogo.

Na kuijua hali maana yake nini? Narudi kwa yule dereva. Alikuwa akipita mtaani kwetu siku nyingi. Tulijua lori lake, tulijua bei ya pipa lake, wala hapakuwa na mmoja wetu aliyejua kama ana watoto, au wanakunywa maji gani. Lau tungalikwenda kumjulia hali hata mara moja, ngumi ile isingalipigwa. Siku ya pili baba mdogo alimnunulia shati, akamkaribisha chai chini ya mti ule ule. Mzee na yule kijana walikuwapo. Hawakusema mengi. Dereva akatueleza mahali malori yanapochota, na jinsi foleni inavyokuwa ndefu penye klorini hata wengine wakapita bila kutiliwa. Hilo likawa jambo la kwanza la maana tulilojua juu ya maji yetu wenyewe, nalo halikutoka katika ramani yangu. Wiki ile watu wa mtaa wakakubaliana kwamba lori lisiloonyesha kuwa limetiwa klorini lisinunuliwe, na kila pipa liwe na mfuniko. Ni tatizo dogo, limetatuliwa kidogo.

Neno mafi mushkila nalipenda bado. Nikirudi nyumbani nitalisema sokoni kama kila mtu. Lakini mtu akinijia na jambo zito sitalisema upesi. Nitamwuliza kwanza, u hali gani? Maana mtaa ambao watu wake hawajuliani hali waweza kuitwa hai kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili bado.